Mahindi huchomwa bambo, mhadhiri je?

Machi 2021 malori ya mahindi yalikwama Namanga baada ya Kenya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwenye mzigo akabaki na swali moja: mahindi yakaushwe na kuhifadhiwa vipi ili yapite?

Majibu yapo. Watafiti wa vyuo vya ukanda huu wameandika juu ya sumukuvu kwa miaka mingi, ila mengi yako kwa Kiingereza, katika majarida ya ng'ambo ambayo mengine husomwa kwa kulipia. Si kiburi chao. Mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho, na jarida lenye jina kubwa humbeba zaidi. Anayeshinda ghalani akiwaelekeza wenye magunia hupata shukrani. Alama ni haba.

Ukubwa wa jina la jarida nao una kipimo chake: wastani wa mara ambazo makala zake za miaka 2 iliyopita zimenukuliwa na watafiti wengine katika mwaka mmoja. Kipimo hicho, kilichotokana na kazi ya Mmarekani Eugene Garfield, kilikusudiwa kuwasaidia wakutubi kuchagua majarida. Baadaye kikageuzwa mizani ya kupimia watu. Ni kama kununua gunia kwa kutazama chapa iliyo juu yake, bila kuchoma bambo.

Wenyewe wameanza kulalamika. Tamko la San Francisco, lililotolewa 2013, linataka kazi ipimwe kwa ubora wake, si kwa jarida ilimotoka. Ilani ya Leiden ya 2015 ikagusa huku kwetu zaidi: utafiti wenye manufaa mahali ulipofanyika, hata ukiandikwa kwa lugha ya hapo, usidharauliwe. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza kuachana na kipimo hicho katika kuajiri na kupandisha vyeo.

Wanaotetea hesabu wana hoja ya kusikilizwa. Namba haina mjomba. Ikiondolewa bila vigezo vilivyoandikwa, kamati inaweza kumpandisha ndugu. Kwa hiyo kazi ngumu ni kuandika vigezo hivyo, na hapo Ulaya haiwezi kuwaamulia wa Afrika Mashariki.

Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Jumuiya lina makao Kampala. Lingeweza kuanza na kigezo kimoja tu: mwongozo wa Kiswahili wa kukausha na kuhifadhi mahindi, uliohakikiwa na wataalamu wengine, uhesabiwe kuwa chapisho. Mfanyabiashara angeusoma kabla ya kupakia, si akiwa kwenye foleni ya Namanga.