UIMARA WA KHANGA HUANZIA KATIKA MBEGU

Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968 huko Ubungo, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa chini ya Wilaya ya Kinondoni. Katika kiwanda cha namna hiyo, uzi ukikatikakatika, lawama huiangukia mashine au fundi. Lakini huenda chanzo kiko mbali zaidi, ndani ya mbegu.

Kila unyuzi wa pamba ni seli moja tu, iliyochomoza katika ganda la mbegu. Hurefuka kwa muda wa majuma matatu hivi baada ya ua kuchanua. Kisha kuta zake hunenepa kwa selulosi. Urefu, uimara na wembamba wake hutegemea mvua na rutuba, na pia jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Jeni hizo zimetawanyika katika jozi 26 za kromosomu. Kuzitafuta bila ramani ni sawa na kumtafuta mtu Temeke nzima bila kujua mtaa wake.

Ramani hiyo hutengenezwaje? Wataalamu huzalisha pamba ya nyuzi imara na ile ya nyuzi dhaifu, kisha hupima nyuzi za wajukuu wa mimea hiyo, huku wakichunguza alama maalumu katika kromosomu. Alama inayoandamana mara kwa mara na nyuzi imara huonyesha kwamba jeni itafutwayo iko jirani. Hivyo mche mchanga huweza kuchaguliwa kwa kipande cha jani, bila kungoja pamba ipasuke.

Hata hivyo, ramani ya ugenini peke yake haitoshi. Vituo vya Ukiriguru, Mwanza, na Ilonga, Kilosa, vilivyotoa mbegu kama UK91 na IL85, havina budi kuhifadhi pia malaika ya majani yazuiayo wadudu wafyonzao utomvu, pamoja na wingi wa mavuno. Nao wingi huo mara nyingi hupingana na uimara wa nyuzi.

Isitoshe, mkulima hulipwa kwa uzito na usafi wa pamba yake; nyuzi imara hazimwongezei senti. Basi sayansi itampatia mbegu bora, lakini mizani ya mnunuzi nayo sharti ijifunze kuitambua.