Jina Limebaki, Ngege Ametoweka

Mwombe mchuuzi yeyote wa samaki mjini Kisumu akuuzie ngege, naye atakuuzia bila kusita. Walakini samaki utakayefungiwa siye aliyeitwa kwa jina hilo na Waluo wa zamani. Ngege wa asili, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus, ametoweka karibu kabisa katika Ziwa Victoria. Aliyelirithi jina lake ni tilapia wa Mto Nile, mgeni aliyeletwa katika miaka ya 1950, na ambaye ana jina lake mwenyewe: nyamami.

Sisi wanaisimu tumezoea kuona maneno yakihama kutoka maana moja hadi nyingine. Uhamaji huu, hata hivyo, haukuletwa na wasemaji bali na nyavu.

Aghalabu lawama zote hutwikwa mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara. Ni kweli kwamba mbuta ni mlafi. Lakini hakujileta. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili avigeuze visamaki vilivyodharauliwa kuwa minofu ya kuuzwa. Visamaki hivyo ndivyo fulu, nao walikuwa na aina zaidi ya 500, takriban zote zikiwa hazipatikani kwingineko duniani! Baada ya mbuta kufurika mwanzoni mwa miaka ya 1980, aina zipatazo 200 zilidhaniwa kuwa zimeangamia.

Masaibu ya ngege yalianza mapema zaidi. Nyavu za kigeni za kutega ziliingia katika Ghuba ya Winam mnamo 1905. Kufikia 1927 na 1928, Mwingereza Michael Graham alipolichunguza ziwa, samaki walikuwa wamepungua hata akashauri kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Kanuni ikawekwa, baadaye ikafutwa. Mbuta alikuta karamu imekwisha kuharibiwa.

Kuna jambo jingine ambalo hunivutia zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Fulu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Mbolea na udongo kutoka mashambani, pamoja na maji machafu ya miji, vimerutubisha mwani na kulitia ziwa ukungu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakififia kiasi hicho, jike hawezi tena kubagua rangi, na aina zilizokuwa mbalimbali huzaana na kuchanganyika. Mwanafunzi wa isimu ataelewa upesi: ni kana kwamba lahaja mbili zimemezana kwa kuwa kelele zimezidi na hakuna anayeisikia tofauti.

Mbuta naye ametuletea msamiati wake. Viwanda vilipoanza kusafirisha minofu hadi Ulaya, wakazi wa ufuoni waliachiwa kichwa, uti wa mgongo na mkia, vikaangwe na kuuzwa sokoni. Chakula hicho huitwa mgongo wazi. Aliyelibuni jina hilo alikuwa na jicho kali kuliko wachumi wengi, maana wao waliandika juu ya fedha za kigeni, naye akatazama kilichobaki sahanini.

Je, ngege wa asili amekwisha? La, hasha. Angali katika Ziwa Kanyaboli, kijiziwa kilichomo katika kinamasi cha Yala, Siaya. Mafunjo ya kinamasi hicho, ambamo maji yana oksijeni haba, yalimzuia mbuta asipenye. Lakini sehemu ya Yala ilikaushwa tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya kilimo, na tamaa ya kukausha zaidi haijaisha. Mwalimu wa Siaya au Kisumu aweza kuwapeleka wanafunzi wake huko wakarudi siku hiyo hiyo. Wamwone ngege mwenyewe, kisha wapite sokoni wakamlinganishe na yule aitwaye kwa jina lake.