Wazazi wakiachana, mtoto anakaa na nani? Sheria na 'watoto ni wa kihamba'

Kila Desemba magari yanapanda mlimani: Marangu, Kibosho, Machame, Rombo. Wachaga wanarudi nyumbani. Kwa familia ambazo baba na mama wameachana, hapo ndipo swali linapoibuka: mwaka huu watoto wanakula Krismasi kwa nani?

Na nyuma yake kuna swali kubwa zaidi: wanaishi na nani?

Jibu la ukoo unalijua: "Watoto ni wa kihamba. Mama akitaka kuondoka aende, watoto wanabaki." Wapo akina mama wanaoshuka na begi tu, wakiamini ndivyo sheria inavyosema. Sivyo.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinairuhusu mahakama kumkabidhi mtoto kwa baba au kwa mama. Pakiwa na sababu za kipekee, hata kwa ndugu mwingine.

Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Chini yake ndiyo yanafuata matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama anaweza kujieleza, na mila za jamii yao.

Kwa hiyo mila inasikilizwa, lakini haiushindi ustawi wa mtoto.

Vipi kuhusu miaka 7?

Mtoto wa chini ya miaka 7, sheria inaanza kwa kuamini kwamba ni vizuri akae na mama. Baba anaweza kulipinga hilo kwa ushahidi. Hakimu pia anaangalia madhara ya kumhamisha-hamisha mtoto.

Lakini kufikisha miaka 7 hakumaanishi mtoto anarudishwa kwa baba moja kwa moja. Hapa wengi wanakosea.

Chukua mfano: mama amerudi kwao Uru na mtoto wa miaka 4. Mkubwa, miaka 12, anasoma Kibosho na anaishi kwa bibi mzaa baba. Hakimu ataangalia hali ya kila mtoto peke yake, ingawa Sheria ya Mtoto ya 2009 inaona ni vyema ndugu wakae pamoja. Na maoni ya huyo mkubwa yana uzito.

Unaanzia wapi?

Kwa kawaida talaka huanzia baraza la usuluhishi la ndoa. Usuluhishi ukishindikana, baraza linatoa hati, ndipo unakwenda mahakamani. Hata mahakama ya mwanzo inasikiliza kesi hizi.

Mahakama inaweza kumtaka ofisa ustawi wa jamii achunguze hali ya mtoto: analala wapi, shule iko umbali gani, nani anabaki naye ukiwa kazini. Tunza cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na risiti za ada.

Matunzo na Krismasi

Watoto wakikaa kwa mama, baba bado ana wajibu wa kuwatunza. Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kuendelea na matunzo na elimu ya kiwango kilekile cha kabla wazazi hawajaachana. Ana haki pia ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye, mradi masomo yasivurugike.

Ndiyo maana usiishie kwenye "tutaelewana". Omba amri iseme wazi: likizo ya Juni kwa nani, Desemba kwa nani, nauli nani analipa, na mtoto anarudi lini kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Amri ikishatoka, kumchukua mtoto kwa nguvu kutoka kwa mzazi aliyekabidhiwa ni kosa, hata kama ni shangazi au babu. Hali ikibadilika, rudi mahakamani uombe amri ibadilishwe.

Huna hela ya wakili?

Anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Moshi pia kuna shirika la KWIECO, linalotoa msaada wa kisheria.

Kumbuka jambo moja: amri inapanga mtoto anaishi na nani. Haimwondoi kwenye ukoo wa baba. Anaweza kulala Uru mwaka mzima, na Desemba akapanda Kibosho kula Krismasi na bibi yake.