Kompyuta ya shangazi na "kumbukumbu" iliyoharibika

Jumapili moja jioni shangazi alinipigia simu kutoka Schaerbeek, sauti imemkauka. Kompyuta yake ilikuwa imejizima tena, mara ya nne siku hiyo, na safari hii ilileta skrini ya bluu yenye uso wa huzuni na maneno ya Kiholanzi. Mashine ile aliinunua mtumba, ikaja na Kiholanzi chake. Yeye anajua Kifaransa tu. Mjukuu wake, anayesoma shule ya Kiholanzi hapa Brussels, ndiye aliyemtafsiria: "Bibi, inasema kuna shida kwenye kumbukumbu."

Shangazi aliposikia kumbukumbu aliwaza picha. Ndani ya kompyuta ile zimo picha zote za marehemu mume wake, pamoja na za mazishi yake Bukavu, ambayo yeye hakuweza kwenda kwa sababu karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Nakala nyingine hana. "Mwanangu," akaniambia, "zimekwenda."

Hazikuwa zimekwenda. Neno letu moja limebeba vitu viwili. Kumbukumbu iliyotajwa kwenye skrini ni ile inayoitwa RAM, nayo ni kama meza ya jikoni: unaweka juu yake unachokitumia sasa hivi, na umeme ukikatika meza inabaki tupu. Picha zinakaa kwenye diski, ambayo ndiyo kabati. Mguu wa meza ukivunjika, kabati liko palepale. Ila vitu vinavyopita mezani vinaweza kumwagika: faili unazoziandika na kuzihifadhi wakati RAM ni mbovu zinaweza kuharibika. Kwa hiyo nilimwomba aizime na asiiguse mpaka nifike.

Kabla ya hapo nilimwomba mjukuu anitumie picha ya skrini kwa simu. Hilo ndilo jambo la kwanza la kufanya, kwa sababu kompyuta nyingi hujiwasha upya baada ya muda mfupi na ujumbe unapotea. Usihangaike na maelezo marefu ya Kiholanzi au Kifaransa. Tafuta chini yake msimbo ulioandikwa kwa herufi kubwa, au namba inayoanza na 0x. Huo hauna lugha. Ni uleule Brussels, Mombasa na Muscat, na ukiuandika kwenye intaneti unapata maelezo ya tatizo lako hasa. Wa shangazi ulisema MEMORY_MANAGEMENT. Ukiona INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, Windows imeshindwa kuifikia diski inayoanzia. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni malalamiko ya vifaa vyenyewe: mara nyingi joto, umeme, au prosesa. Na kompyuta inayozima ghafla bila kusema neno lolote, hasa baada ya dakika ishirini za kazi, ifungue kwanza utazame feni. Vumbi la miaka kumi linaweza kuziba njia ya hewa kama blanketi.

Swali la pili ni la kawaida kama la daktari: ilianza lini, na kitu gani kilibadilika? Draiva mpya, printa mpya, sasisho la jana usiku? Kama kuna kilichobadilika, kiondoe kwanza. Kwa shangazi hakukuwa na kitu. Kuzima kulianza kidogo kidogo tangu Krismasi, kukaongezeka. Hiyo ni dalili ya kifaa kinachochoka.

Watu wengi hapa hukosea mpangilio. Wanakimbilia kutengeneza, halafu ndipo wanauliza faili ziko wapi. Mimi nilianza na picha. Nilifungua mashine kwa bisibisi, nikatoa diski, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa kebo ndogo inayoingia kwenye tundu la USB, nikanakili kila kitu. Ilichukua saa mbili na vikombe vitatu vya chai. Kama diski yako inatoa sauti ya kugonga, tik, tik, izime mara moja na usiendeshe programu yoyote ya kuikarabati, hata ile chkdsk ya Windows. Diski inayokufa ina pumzi chache. Zitumie kunakili tu, au mpelekee mtaalamu.

Diski nyingine zimefungwa kwa BitLocker, na zitakudai ufunguo wa namba 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Hapa kibodi ya Ubelgiji ina mtego wake: kwenye AZERTY namba za mstari wa juu zinahitaji Shift. Pia mashine ikiwa kwenye hali ya ukarabati inaweza kudhani una QWERTY, basi A inakuwa Q na Z inakuwa W, na neno la siri sahihi linakataliwa. Nimeona mwanafunzi akilia usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi tasnifu kwa sababu hiyo tu. Kabla ya kuandika, chagua aina ya kibodi kama skrini inakuuliza.

Picha zilipokuwa salama nilirudisha diski, nikaandika mdsched kwenye kisanduku cha utafutaji na kuanzisha jaribio la RAM. Likakuta makosa. Mashine ilikuwa na vipande viwili. Nilizima, nikachomoa chaja na betri, nikagusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, nikatoa kimoja. Nikajaribu tena: makosa. Nikabadilishana: safi. Kile kibovu nilikisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, maana wakati mwingine ni uchafu tu. Hakikupona. Kompyuta sasa inatembea na kipande kimoja, polepole lakini haizimi.

Kuna skrini moja ambayo si ya kusoma kabisa. Ukiwa kwenye intaneti, ghafla king'ora kinalia, maandishi mekundu yanasema kompyuta ina virusi, na kuna namba ya simu ya "Microsoft". Huo ni utapeli. Ujumbe wa kweli wa hitilafu hauna namba ya simu. Funga kivinjari au zima mashine. Kama umeshatoa namba za kadi yako ya benki, piga Card Stop, 078 170 170, saa yoyote, usiku na mchana. Usione haya, wanaopigiwa zaidi ni wazee wetu walio peke yao mchana kutwa.

Asiye na mpwa mwenye bisibisi anaweza kwenda Repair Café. Mpango huu ulianza Amsterdam mwaka 2009, na Brussels upo katika komuni nyingi. Unakaa na fundi wa kujitolea mezani, hulipishwi kazi yake, na ukitaka unatia chochote kwenye kisanduku. Uliza tarehe kwenye komuni yako, na ubebe chaja.

Swali la kama mashine ya zamani inastahili taabu hii lina tarehe. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Sisi wa Ulaya tulipewa masasisho ya usalama bila malipo hadi 13 Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Mashine za kabla ya 2017 kwa kawaida hazikubaliwi na Windows 11. Kwa hizo, Linux Mint inatosha kabisa kwa barua pepe, kazi za shule na simu za video za Jumapili; ile ya shangazi nitaiwekea likizo ijayo, kwa Kifaransa.

Picha sasa ziko sehemu tatu: kwenye diski yake, kwenye flashi aliyoifunga kwa kitambaa kabatini, na kwa binti yake Namur. Siku ile, baada ya kunakili, alinikalisha chini tukazitazama zote, moja moja, mpaka basi la mwisho likanipita.