Insha za Watoto wa Kariobangi

Mtu apitaye Kariobangi, katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, upande ule wa viwanda vidogo, husikia nyundo kabla ya kumwona fundi. Hapo vyuma vikuukuu hukatwa, hukunjwa na kuunganishwa kwa moto, vikawa milango, madirisha, na zile mashine za kukatia majani ya ng'ombe ambazo wakulima wengi wanazijua. Lakini mtoto wa mtaa huo akipewa karatasi aandike insha, nyundo hunyamaza. Huanza kwa ndege waliotumbuiza mitini, umande uliometameta majanini, na jua lililochungulia nyuma ya mlima asiopata kuuona.

Mtoto huyo hakosi akili. Amefanya kama alivyoagizwa. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kumalizika mwaka 2023, ulimpa dakika 40 za kuandika insha yenye alama 40, na walimu wengi waliona ni salama kumpa mapambo yaliyokwisha tengenezwa, ayakariri usiku na kuyapanga asubuhi kama sahani za kuazima. Mtihani huo umekwisha, lakini desturi ingali hai. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili hudai insha mbili, na ya kwanza ni ya lazima. Msahihishaji aliyekwisha soma ndege wale wale katika karatasi mia hasikii tena wakiimba.

Sitiari ni nini basi? Tashbihi husema kitu hiki ni kama kile. Sitiari huliondoa neno "kama" na kukiita kitu kwa jina la kingine. Mwalimu akiuliza cheche za fundi wa kuchomelea zafanana na nini, mwanafunzi aweza kujibu kwamba zilianguka kama mtama kutoka gunia lililopasuka. Hiyo ni tashbihi nzuri. Akiambiwa aondoe "kama", ataandika: "Mtama mwekundu ukamwagika kutoka mkononi mwa fundi." Sentensi hiyo hakuikariri popote. Yabaki maswali mawili ya kumwuliza. Je, msomaji wake anaujua mtama? Na je, ataka tuone wingi wa cheche, au ukali wake? Maana mtama hauchomi. Kama habari ni ya mtu aliyeungua jicho, sitiari hiyo imepotea njia, ijapokuwa ni nzuri.

Wapo wanaoilaumu Sheng, lugha ya vijana wa mitaa hii, kwamba ndiyo iharibuyo insha. Lawama hiyo ina kweli kidogo, kwa kuwa msahihishaji haipokei. Lakini vijana walioiita noti ya shilingi 500 "Jirongo", kwa jina la mwanasiasa aliyevuma wakati wa uchaguzi wa mwaka 1992, hawakungoja kufundishwa namna ya kuhamisha jina. Wala hawakungoja wale walioziita kazi za mafundi wasio na paa "jua kali", jina ambalo hata serikali hulitumia katika maandishi yake. (Wataalamu watasema hiyo si sitiari bali ni taashira. Wana haki, ila mwanafunzi akifika mahali pa kubishania hilo, amekwisha pona.) Kinachopungua ni kumkumbuka msomaji aliye mbali, asiyezijua noti hizo kwa majina hayo.

Mpangilio ni shida kubwa zaidi, na hupewa muda mdogo. Fundi wa mashine ya kukatia majani hupima, huchora juu ya bati, ndipo hukata. Akiunganisha mdomo wa kutilia majani kabla ya kufikiri visu vitazunguka wapi, itambidi akate tena, na bati limeharibika. Mwanafunzi naye atumie dakika 5 za kwanza kuandika pembeni mambo yake matatu au manne, kisha ajiulize msomaji apaswa kujua lipi kwanza. Kila jambo lipewe aya yake. Kama insha ni barua ya kuomba bomba la maji, ombi lenyewe liwe mbele, kisha maji yamekosekana tangu lini, na nani wanaoumia. Makarani wanazijua barua za kurasa tatu ambazo ombi lake limejificha katika mstari wa mwisho. Mara nyingi hurudi katika faili bila jibu, na mtaa ukakaa bila maji.

Jambo hili si geni. Shaaban Robert, aliyepata kuwa karani wa forodha huko Tanganyika, alitoa kitabu chake Kielezo cha Insha mwaka 1954.

Aliye na mzigo ni mwalimu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, madarasa mengi ya mijini yamejaa. Darasa likiwa na wanafunzi 60, na kila daftari likachukua dakika 5, hizo ni saa 5 za kusahihisha insha moja. Si ajabu insha ikaandikwa mara moja kwa muhula. Lakini si lazima asahihishe kila kitu kila mara. Wiki hii na asome mpango tu, wiki ijayo sitiari tu. Na siku nyingine wanafunzi wabadilishane madaftari, kila mmoja apige mstari chini ya maneno anayodhani mwenzake hakuyaona kwa macho yake.