Kwa Nini Dawa ya Kupunguza Unene Huleta Kichefuchefu

Mtu anapokula, seli fulani za utumbo humwaga katika damu homoni iitwayo GLP-1. Homoni hii hupunguza mwendo wa chakula kitokacho tumboni, huihimiza kongosho itoe insulini, na huupelekea ubongo habari ya shibe. Maisha yake ni mafupi mno: katika dakika 2 hivi nusu yake huwa imekwisha kuvunjwa.

Semaglutidi ni dawa iliyoundwa kwa mfano wa homoni hiyo, lakini hukaa mwilini wiki nzima hivi kabla ya kupungua kwa nusu. Hapo ndipo taabu inapoanzia. Habari ya shibe, ambayo kwa desturi huja na mlo kisha ikaondoka, sasa haikatiki usiku na mchana. Tena sehemu ya shina la ubongo inayoipokea inapakana na ile iamshayo kutapika. Aliyepata kuvimbiwa karamuni anaujua ujirani huo.

Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 walidungwa sindano kila wiki. Kichefuchefu kiliwapata 44 katika kila 100 waliopewa dawa, na 17 katika kila 100 waliopewa sindano isiyo na dawa (hao nao wasisahauliwe katika hesabu). Wengi walipata nafuu baada ya muda.

Ndiyo maana waganga huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, wakipanda polepole hata kufikia 2.4 baada ya wiki 16, ili mwili uzoee. Lakini anayetapika au kuharisha mfululizo hupoteza maji mengi, na figo zake zaweza kudhurika.