Maji ya Mbinga, bei ya dizeli: Somo la vituo vidogo vya umeme Ruvuma

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayepita Kitai, kwenye barabara ya Songea hadi Mbinga, huiona biashara ya nishati kwa macho yake. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, ambako kampuni ya Tancoal ilianza kuchimba mwaka 2011, huingia barabara kuu hapo yakielekea kwa wanunuzi wa mbali. Ipo nishati nyingine katika wilaya hiyo inayouzwa bila lori wala turubai, nayo ni maji ya mito inayoteremka kutoka milima ya Umatengo.

Katika kijiji cha Mbangamao, wilayani Mbinga, kampuni ya Andoya Hydro Electric Power ilijenga kituo kidogo cha umeme wa maji ili kuiuzia Tanesco. Awamu ya kwanza ilikuwa ya kilowati 500. Upande wa Songea, Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walijenga kituo cha Tulila kwenye mto Ruvuma, chenye megawati 5, kilichoanza kazi mwaka 2015.

Vituo vyote viwili ni vya aina inayotegemea maji yanayopita mtoni, bila ziwa kubwa la kuyahifadhi. Kwa mwekezaji mdogo, vina somo kubwa kuliko ukubwa wa mitambo yake, na somo lenyewe ni bei: inatoka wapi, na inaweza kuondoka vipi.

MAJI HAYANA GHALA

Kituo cha namna hii hakisimamishi mto. Ukuta mfupi, yaani banio, hujengwa kuvuka mto ili kuinua maji kidogo. Sehemu ya maji hayo huingia kwenye mfereji, hupita kwenye bwawa dogo la kutuliza mchanga, kisha hutumbukia kwenye bomba la chuma linaloshuka mlima. Mwisho wa bomba maji huigonga tabaini kwa nguvu, nayo huzungusha jenereta. Baada ya hapo maji hurudi mtoni, chini kidogo ya yalikochukuliwa, yakiwa kiasi kilekile.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kiasi cha maji kwa mita za ujazo kila sekunde, zidisha kwa urefu wa mteremko kwa mita, kisha zidisha kwa 8. Jibu ni kilowati, kwa makadirio. Mita moja ya ujazo ikishuka mita 60 hutoa kilowati 480 hivi. Ndiyo maana mteremko ni mtaji. Kihansi hutoa megawati 180 kwa mto usio mkubwa, kwa sababu maji yake hushuka zaidi ya mita 800. Tulila hutegemea zaidi wingi wa maji ya Ruvuma.

Mchanga ndio adui wa kwanza. Ukipita kwenye tabaini hula vyuma vyake kama msasa. Kwa hiyo mashamba yanayolimwa juu ya banio ni sehemu ya mizania ya kituo, hata kama hayamo kwenye vitabu vya mhasibu. Hapa Umatengo una faida. Kilimo cha ngoro, cha mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko, kwa vizazi vingi kimezuia udongo kuteremka mtoni.

Udhaifu mkubwa ni kiangazi. Mwenye ziwa huweka maji ya masika akayauza Oktoba. Mwenye banio hana ghala. Mto ukipungua, mauzo hupungua siku hiyohiyo.

BIASHARA SI NGENI

Umeme wa maporomoko si jambo geni nchini. Pangani Falls ilianza kuzalisha miaka ya 1930, na kituo kipya cha megawati 68 kilikamilika mwaka 1995. Kilicho kipya ni mtu binafsi, kanisa au kampuni ndogo kujenga kituo na kuiuzia Tanesco.

Mlango huo ulifunguliwa na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Ewura ikatoa utaratibu wa wazalishaji wadogo, wale wasiozidi megawati 10, wenye mkataba wa mfano na bei inayotangazwa. Mzalishaji hakuhitaji tena kujadiliana na Tanesco kifungu kwa kifungu kwa miaka. Alijua bei kabla ya kwenda benki.

Bei zenyewe zilikuwa mbili. Kwa mwaka 2012, aliyeuza kwenye gridi ya taifa alipewa wastani wa sh. 152.54 kwa uniti. Aliyeuza kwenye gridi ndogo iliyojitenga, kama zilivyokuwa za Songea na Mbinga wakati huo, alipewa sh. 480.50, zaidi ya mara tatu.

Tofauti hiyo haikuwa zawadi. Katika miji iliyojitenga Tanesco ilizalisha kwa dizeli, na lita moja ya dizeli hutoa uniti tatu hadi nne tu. Mafuta hayo yalisafirishwa kwa malori kutoka pwani hadi kusini. Kila uniti ya maji iliyonunuliwa iliokoa dizeli, na mzalishaji alilipwa kwa kipimo cha dizeli iliyookolewa.

GRIDI ILIPOFIKA

Mwaka 2018 hali ilibadilika. Njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, ya kilometa 250 hivi, iliyojengwa kwa fedha za serikali za Tanzania na Sweden, ilikamilika. Songea ikaingia kwenye gridi ya taifa. Kwa mwenye mashine ya kusaga, mchomeleaji wa vyuma na mkoboaji wa kahawa hiyo ilikuwa neema.

Kwa mzalishaji mdogo ni hesabu nyingine, kwani dizeli ikizimwa, sababu ya kulipa bei ya dizeli huondoka. Tufanye mfano, ambao si mizania ya kituo chochote kilichotajwa hapa. Kituo cha kilowati 500 kinachofanya kazi kwa asilimia 60 ya uwezo wake hutoa uniti 2,628,000 kwa mwaka. Kwa sh. 480.50 mapato ni sh. bilioni 1.26. Kwa sh. 152.54 ni sh. milioni 401. Maji ni yaleyale na mashine ni ileile, lakini zaidi ya theluthi mbili ya mapato haipo, na deni la benki halijapungua hata senti.

Kuna jambo la pili. Bei ile ya sh. 152.54 ilikuwa wastani. Kuanzia Agosti hadi Novemba ilikuwa sh. 183.05, na miezi mingine sh. 137.29. Bei nzuri inakuja maji yanapokuwa haba. Mwenye banio huuza uniti nyingi kwa bei ya chini na chache kwa bei ya juu, hivyo wastani wake halisi huangukia chini ya ule uliotangazwa.

Mwaka 2015 utaratibu ulibadilishwa, bei za vituo vya maji zikaanza kupangwa kwa ukubwa wa kituo na kuhesabiwa kwa dola. Kituo kidogo, ambacho ujenzi wake ni ghali kwa kila kilowati, hupewa bei ya juu kuliko kikubwa. Hiyo ni nafuu, lakini mnunuzi mkuu amebaki yuleyule. Katikati ya miaka ya 2010 madeni ya Tanesco kwa wazalishaji yalijulikana wazi. Bei nzuri inayochelewa kulipwa ni mkopo ambao muuzaji amemkopesha mnunuzi.

Aidha, bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limeongeza umeme mwingi kwenye gridi. Mto mdogo sasa unashindana na mto Rufiji.

MWEKEZAJI AULIZE NINI

Atakayealikwa kuchangia mtaji katika kituo cha namna hii, iwe kwa hisa za kampuni au kupitia ushirika, aulize mambo manne kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, vipimo vya mto vimechukuliwa kwa miaka mingapi, na mwezi mkavu kuliko yote ulitoa nini? Pili, mkataba unasema nini siku gridi ya taifa itakapofika? Tatu, malipo yakichelewa miezi sita, nani atalipa riba ya benki? Nne, kuna mnunuzi mwingine wa karibu, kama kiwanda, misheni au vijiji, anayeweza kuchukua sehemu ya umeme?

Faida ya biashara hii ni kwamba haina ankara ya mafuta. Gharama karibu yote hulipwa mwanzoni, na kituo kinachotunzwa hudumu miongo mingi baada ya deni kwisha. Kwa hiyo anayeweza kungoja, na ambaye hakukopa kwa bei ya dizeli huku akitarajia kuuza kwa bei ya gridi, bado ana nafasi. Aliyepanga hesabu zake kwa sh. 480 pekee alikuwa anawekeza katika ubovu wa barabara na umbali wa gridi. Hayo mawili serikali yoyote hupenda kuyaondoa.